Pweza wa Ngozi ya Fahali

Wapo watakaosema nilikuwa na homa. Sikuwa na homa. Wapo watakaosema nimelitunga jambo hili ili nipate wa kunisikiliza, maana mwanamke akishazeeka watu humsikiliza kwa sikio moja. Haya, nisikilize kwa hilo hilo moja, linatosha. Lilitokea kwetu, upande wa Kharumwa, miaka ile ya sabini tulipokuwa bado tunazoea nyumba za kijiji kipya. Na lilitokea mchana kweupe, jua likiwa kali. Mambo ya usiku mimi siyajui. Usiku huwa nalala.

Baba yangu alikuwa manju, yaani mtunzi wa nyimbo na kiongozi wa ngoma. Alikuwa upande wa Wagika. Kwetu Usukumani kuna Wagika na Wagalu, na kila mwaka mavuno yakishaingia ghalani pande hizo mbili hushindana. Wanacheza uwanja mmoja na wakati mmoja, hawa mwisho huu na wale mwisho ule. Hakuna mwamuzi mwenye kalamu. Mwamuzi ni watu wenyewe: wanakokimbilia ndiko ushindi uliko. Unaweza ukaimba umefumba macho, ukayafumbua, ukakuta mbele yako wamebaki mbuzi wawili na shangazi yako.

Baba hilo lilimpata miaka miwili mfululizo. Manju wa Wagalu alikuwa kijana mwenye vituko. Mwaka mmoja alileta fisi wa mti anayefungua na kufumba mdomo, mwaka uliofuata akapanda juu ya ngazi ndefu isiyoegemea kitu akapiga ngoma kwa miguu. Baba alikuwa na nyimbo tu. Zilikuwa nzuri, wala sisemi hivyo kwa kuwa ni baba yangu. Lakini wachezaji wake walikuja nyumbani, wakakaa, wakamwambia kwa heshima zote kwamba mwaka huu wakikosa watu tena watatafuta manju mwingine. Baba akaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo akawa anaacha nusu ya ugali wake. Mimi ndiye niliyekuwa naondoa sahani, kwa hiyo najua.

Sasa sikiliza. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kichuguu kimoja. Siku hiyo vilikuwa viwili. Ningeshtuka kwa lipi? Nani anahesabu vichuguu? Nilikuwa nimemaliza kusugua vyungu, nikabeba beseni la maji machafu, nikayamwaga pale.

Kichuguu kikasema, "Ahsante, bibie. Ila yana majivu."

Beseni nililitupa. Kichuguu kikainuka, kikawa mwanamume mrefu mwenye koti la mvua lililomfika vifundoni, kiangazi kile. Uso wake ulikuwa mwekundu kama udongo, nikasema moyoni ni vumbi. Akasogea mbele ya ukuta ambao Bibi, mama yake baba, alikuwa ameupaka udongo mweupe wiki ile. Uso ukawa mweupe. Nikasema ni jua. Niamini, mtu akikutana na jambo la namna hii, akili yake humtafutia visingizio haraka kuliko miguu inavyokimbia.

Na mimi ni mdadisi, hiyo ndiyo kasoro yangu tangu utotoni. Mwingine angepiga yowe. Mimi nilimwambia shikamoo, nikamletea kigoda ili nimtazame vizuri.

"Marahaba, bibie," akasema. "Una maji ya kunywa? Na chumvi, kama ipo."

Nilileta kibuyu cha maji na chumvi kwenye jani. Akamimina chumvi yote, akakoroga kwa kidole, akanywa huku amefumba macho. Alipomaliza akanisimulia. Alisema ametoka pwani, akapanda malori yaliyokuwa yanakuja kuchukua pamba huku kwetu, kwa sababu alisikia bara kuna maji makubwa yasiyoonekana ng'ambo. Akafika mpaka Chato. Akaingia ziwani mpaka kiunoni.

"Maji yote yale, bibie," akasema, "na hakuna aliyekumbuka kutia chumvi!"

Alisema kwa uchungu wa mtu aliyetapeliwa. Nikacheka, naye akacheka. Nikamuuliza kazi yake. Akasema yeye ni fundi. Fundi wa nini? "Wa kitu kimoja," akasema, na akaomba apumzike chini ya ghala letu siku mbili tatu. Baba akamkubalia. Kwetu mgeni hafukuzwi.

Kitu hicho kimoja tulikiona kesho yake. Tuliamka tukakuta ukutani, juu ya rangi mpya ya Bibi, kuna bonge la kichwa na mikono minane inayojisokota hadi kwenye mlango, imechorwa kwa majivu na udongo mwekundu. Mchana akafinyanga kingine cha udongo, kikawa chungu chenye mikono, mpaka leo sijui mtu angekipikia nini. Kisha akaokota vipande vya waya wa kufungia marobota ya pamba, akavisuka, kikatoka tena kile kile, kidogo, kikining'inia kwenye mti na kugeuka na upepo. Akachora kwenye kibuyu. Akashona kwa shanga kwenye ukanda wa Bibi bila kuombwa. Jioni tukamwekea ugali, tukageuka kidogo, ugali nao ukawa na mikono minane. Bibi alikataa kuula.

Watu wakaanza kuja kutazama. Umewahi kuona watu wa mahali pasipo na bahari wakimtazama pweza? Bibi alisema ni shina la muhogo lililong'olewa na mizizi yake. Wachungaji wakabisha, wakasema ni kiwele cha ng'ombe, ila aliyekichora hajui kuhesabu chuchu. Jirani yetu Mama Kulwa akasema ni buibui aliyekatazwa kuoa. Fundi alikuwa anasikiliza kila mtu kwa furaha kubwa, wala hakumsahihisha yeyote.

"Kichwa kinaamuruje mikono yote hiyo?" nilimuuliza.

"Hakiamuru," akasema. "Kila mkono una akili yake. Kichwa huelezwa baadaye."

Niliuliza kwa sababu kuna jambo nililokuwa nimeliona. Siku ile ya kufinyanga, mikono yake miwili ilikuwa imezama kwenye udongo mpaka viwiko. Mimi nikamsogezea kibuyu cha maji, na kibuyu kikapokelewa. Kilipokelewa na nini? Nilitazama mikono yake, yote miwili ilikuwa bado kwenye udongo. Ukingo wa koti ukatikisika kidogo, basi.

Siku ya nne baba alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, mikono nyuma. Kisha akamwita Fundi.

"Hiki kitu chako," akasema, "kinaweza kucheza?"

"Mzee wangu, hakijui kufanya kingine."

Baba akaenda zizini akamchinja fahali wake mweusi. Uelewe maana yake: fahali yule alimpenda, alikuwa na nyimbo mbili za kumsifu. Ngozi akampa Fundi. Fundi akakata, akashona kwa kamba za ngozi, akaunga na ngozi za mbuzi, mpaka akapata kichwa cha kufunika paa la nyumba na mikono minane, kila mmoja urefu wa hatua nne. Wachezaji wanane wangeingia chini, kila mmoja na fimbo ya kuinulia mkono wake. Walipojaribu mara ya kwanza nyuma ya zizi, kwa siri, hata mimi nilisisimka. Nikasema moyoni, mwaka huu fisi wa mti atarudi kulala.

Fundi akaniita pembeni. "Bibie, kisikauke," akasema. "Asubuhi maji, jioni maji, na chumvi kidogo, na kikae kivulini. Kikikauka utakuwa umeniua."

Nikaitikia. Lakini mafundi wote si husema hivyo? Ukivunja kikombe cha mfinyanzi anasema umemuua. Ukimkatia fundi cherehani uzi anasema umemuua.

Nilikimwagia maji siku sita. Sasa wewe unajua ngozi mbichi ikimwagiwa maji siku sita inakuwaje. Ilinuka mpaka mbwa wetu akahamia kwa Mama Kulwa. Ikawa nzito, ikatelezateleza. Wachezaji wakaanza kuniambia kwamba hawataingia chini ya mzoga. Mashindano yalikuwa kesho. Mimi ni mtoto wa wafugaji, na kwa kuwa baba hakuwa na mtoto wa kiume, ngozi za nyumbani nilikuwa naziwamba mimi. Tangu lini ngozi ikatunzwa kwa maji? Nikasema, huyu ni mtu wa pwani, anajua nyavu, ngozi hajui.

Asubuhi ile Fundi hakuwepo chini ya ghala. Nikaitoa ngozi, nikaitandaza juani, nikachonga vigingi vinane. Nilivuta mkono mmoja mmoja mpaka ukakaza, nikapigilia kigingi kwenye ncha. Nilifanya kwa mapenzi, Mungu ananiona. Hadi saa tisa ilikuwa imekauka, nyepesi, nzuri, ukiigonga inalia kama ngoma. Baba akaja akaigonga kwa kidole. Akatabasamu. Akaketi, akala, akamaliza ugali wote mpaka akafuta sahani kwa tonge la mwisho.

"Kesho, ng'wanone," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita, mwanangu. "Kesho watakuja."

Nikachukua vyombo nikaenda kuosha. Nikabeba maji machafu. Na pale nyuma, badala ya kichuguu cha pili kilichosimama, nikakuta kimelala.

Alikuwa chali. Uso wake ulikuwa mweusi wa ngozi ya fahali, na umekauka, midomo imepasuka. Mikono miwili imenyooka huku na huku, miguu imenyooka, na koti limeinuka pande nyingine nne, kuna vitu vimenyooka chini yake mpaka kwenye nyasi. Sikulifunua. Mimi, mdadisi wa kijiji kizima, sikulifunua. Nilichotazama ni ardhi. Kumzunguka palikuwa na vishimo vinane kama vya vigingi, na vigingi havipo.

"Bibie," akasema, sauti kavu, "umeniwamba vizuri. Hakuna hata mkunjo mmoja."

Ningekuwa mwongo ningekuambia nilikimbia mara moja kumwokoa. Sikukimbia. Nilisimama. Nilijua nikiilowesha ile ngozi haitakauka hadi kesho, wachezaji hawataigusa, baba atasimama uwanjani na nyimbo tu, na itakuwa mwisho wake. Nilisimama muda wa kuchemsha uji, namtazama mtu anakauka, nafikiria sahani ya baba iliyofutwa safi. Aibu ya muda ule ninayo mpaka leo.

Kisha nikaenda. Nikang'oa kigingi cha kwanza, na kutoka nyuma ya nyumba nikasikia mtu anavuta pumzi. Cha pili, pumzi. Hadi cha nane. Nikaukokota mtungi mkubwa wa pombe wa Bibi, nikaujaza maji, nikamimina chumvi yote ya nyumba, na ya Mama Kulwa nikaazima, nikaisokomeza ngozi ndani. Bibi alikuwa anauliza kama nimerogwa. Niliporudi nyuma palikuwa na nyasi tu zilizolala.

Baba nilimwambia kila kitu. Nilidhani atanipiga. Akachungulia mtungini, akaona fahali wake amekuwa uji.

"Mgeni hauawi kwa ajili ya ngoma," akasema. "Nitaimba."

Usiku ule alikula tonge moja, akanisukumia sahani.

Kesho yake mtungi tuliupakia kwenye mkokoteni, kwa sababu baba alisema asiyeonekana naye amealikwa. Wachezaji wanane waliufunua, wakanusa, wakakataa. Upande wa pili manju wa Wagalu alikuwa tayari juu ya ngazi yake, na watu wote wako kwake. Mbele yetu walikuwa sita, wanne ni ndugu. Baba akapiga ngoma yake akaanza wimbo mpya. Ulikuwa wimbo wa kumwomba radhi fahali. Siku ile nilishika mwanzo wake tu:

*Mweusi wangu, nilikuchinja nipate macho ya watu,*
*nisamehe, macho hayana shibe.*

Hapo ndipo mtungi ulipotikisika. Mkono mmoja ukatoka, ukashika ukingo, ukapapasa hewa. Ukatoka wa pili. Kisha ngozi nzima ikamwagika chini, ikasimama. Chini yake hapakuwa na mtu, niliinama nikaangalia, nakuapia. Ilikuwa nyeusi, ikawa rangi ya vumbi, ikapita karibu na wanawake ikawa na maua ya vitenge vyao. Na ikacheza! Kila mkono ulicheza mchezo wake: mmoja ulikuwa unalima kama wacheza bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, mwingine unatetemeka mabega wakati mabega hauna, mwingine umemshika Bibi kiuno na Bibi anacheka kama msichana. Hakuna mkono uliomsubiri mwenzake, na hakuna uliokosea ngoma.

Kisha watu wakaja kwa kukimbia. Walimwacha yule kijana juu ya ngazi, naye akashuka akaja akikimbia pamoja nao. Baba akafumbua macho, akaona watu mpaka mwisho wa uwanja.

Ilipokwisha, kile kitu kilirudi mtungini chenyewe. Tulipochungulia tuliona ngozi iliyochakaa na koti la mvua limekunjwa vizuri juu yake. Niliyaonja yale maji. Ndiyo, niliyaonja, nishakuambia kasoro yangu. Hayakuwa na chumvi hata chembe.

Tulishinda. Wachezaji walimbeba baba mabegani. Ungedhani kisa kinaishia hapa, sivyo? Mimi nilidhani.

Jioni ile baba alianza kuuliza watu, "Wimbo mmeuonaje?" Wakamjibu, "Manju, ile mikono!" Akauliza kwa Mama Kulwa, akauliza kwa wachezaji wake, akauliza kwa Bibi. Hakuna aliyeweza kumrudishia mstari wa tatu. Mwisho akaniuliza mimi. Nilikuwa pale, hatua mbili kutoka kwake, na sikuwa nimesikia. Nilikuwa natazama.

"Haidhuru," akasema.

Ngoma aliitundika ukutani. Mwaka mzima hakutunga. Wachezaji walikuwa wake, jina lilikuwa lake, na sahani zilirudi nusu, wakati mwingine zaidi ya nusu. Nilikuwa nalia jikoni nikisingizia moshi.

Kiangazi kilichofuata, alasiri moja, baba akaniita kwa mkono kutoka nyuma ya nyumba, kidole mdomoni. Nikaenda taratibu. Vichuguu vilikuwa viwili. Na kimoja kilikuwa kinaimba, kwa sauti ya chini, kwa lafudhi ya pwani inayoyavunja vibaya maneno ya Kisukuma, wimbo wa fahali mweusi. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi mwisho, hata kile kipande ambacho baba alikiimba peke yake wakati watu wanapiga kelele. Mahali pamoja kilikosea.

"Hapana," baba akasema, machozi yanamtoka. "Hapo sauti inashuka."

Kikarudia, kikashusha. Baba akaitikia kwa kichwa, ameridhika, "Wabeja," akasema, asante, akaingia ndani akaitungua ngoma. Nikabaki peke yangu. Nilitaka kuomba radhi kwa ule muda niliosimama. Nikaenda nikaleta chumvi, nikaiweka kwenye jani pale chini. Asubuhi jani lilikuwa tupu na kichuguu kilikuwa kimoja.

Baba alitunga nyimbo mpaka alipofariki. Wengine hawakuja kumsikiliza, wengine walikuja. Hakuuliza tena.

Mimi sijawamba ngozi tangu siku ile, ninaajiri watu, na wananicheka. Ule ukuta nimeukandika upya mara tatu. Kila ukikauka, ile mikono minane inatokea tena kwa rangi ya udongo mpya niliotumia, nimeizoea. Wimbo wa baba ninao wote sasa, nilijifunza alasiri ile, nikichelewa mwaka mzima, kutoka kwa mtu ambaye nilikaribia kumkausha.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayenisikiliza kwa sikio moja. Penye kitu cha ajabu cha kutazama, tafuta ni nani anaimba pembeni. Na kabla hujamwaga maji nyuma ya nyumba, hesabu vichuguu. Kikizidi kimoja, rudi ndani ukalete chumvi.